Fundi fremu wa Mkunazini na jahazi la Bwana Fawkes

Asalam alaykum wapenzi. Tangu niitundike ile picha ya jahazi ukumbini watu kama watano washaniuliza nimeitia fremu wapi na shilingi ngapi, kwa hiyo naandika hapa mara moja nimalize, na nitaandika kwa urefu kwa sababu kazi ya yule mzee inastahiki na kwa sababu picha yenyewe ina mwenyewe, bwana mmoja wa Kiingereza akiitwa Walter Fawkes, ambaye mie mpaka mwaka jana nilikuwa simjui hata jina na sa hivi haipiti wiki sijamtaja darasani.

Duka lilipo, hapa mjini Unguja: ukitoka Darajani shika njia ya Mkunazini kama unakwenda kanisani, kabla hujafika ingia kichochoro cha kushoto chenye muuza kahawa, mlango wa pili. Bango hana. Utaona vioo vimeegemezwa ukutani na utasikia harufu ya mninga na gundi, ndo hapo hapo. Ndani padogo, watu watatu mshajaa, lakini barazani pana nafasi ya kukaa na kahawa utaletewa. Mwenyewe mtu mzima, si msemaji, miwani kaifunga uzi, mie namwita ami na yeye ananiita mwalimu.

Nilikwenda na hofu, niseme kweli. Miaka mitatu nyuma nilipeleka picha ya harusi ya wazee wangu kwa fundi mwengine mtaa mwengine, akaigandamiza kwenye kioo moja kwa moja, masika ya kwanza tu unyevu ukaingia picha ikanata, kuibandua uso wa mama ukabaki kwenye kioo. Nililia siku nzima. Ilikuwa moja tu ile, hakuna nyengine. Kwa hiyo safari hii kabla sijaitoa picha kwenye mfuko nilimuuliza kwanza, ami utaibana na kioo? Akanitazama, akasema karatasi haigusi kioo katika duka hili. Basi nikakaa.

Sasa hii picha nimeipataje. Mie nasomesha historia sekondari, na kila mwaka tunafika kwenye sheria ya Uingereza ya 1807 ya kupiga marufuku biashara ya watumwa, na kila mwaka naandika ubaoni William Wilberforce, mbunge wa Yorkshire, jimbo la kaskazini ya Uingereza, aliyeipigania sheria ile, tunaendelea. Mwaka jana mtoto wa kike anakaa nyuma kabisa akanyoosha mkono, mwalimu, Yorkshire yote ile ilikuwa na mbunge mmoja? Nikasimama na chaki yangu, jawabu sina. Nikamwambia kesho nitakujibu. Usiku nikakaa na simu mpaka bando likaisha, kumbe walikuwa wawili, na wa pili wakati ule ndo huyu Fawkes.

Kazaliwa 1769, baba yake kafa 1792 akamwachia jumba la Farnley Hall na mashamba yake, karibu na mji mdogo wa Otley, juu ya mto Wharfe. Yaani kijana wa miaka 23 ana ardhi ya kutosha kula maisha yake yote bila ya kuinua jembe. Alikuwa mtu wa kilimo na mifugo, tena kule Caley karibu na kwake alifuga wanyama wa kila aina wakiwemo punda milia, hebu fikiria punda milia kwenye baridi ile. Lakini hayo si ya kunikesha. Lililonikesha ni la 1806, alipogombea ubunge. Kiti kile alikuwa nacho Henry Lascelles, na ukoo wa akina Lascelles ulikuwa na mashamba ya miwa na watumwa kule visiwa vya Karibiani, utajiri wao umetoka huko. Lascelles akajitoa, wakapita Wilberforce na Fawkes. Februari 1807 muswada ukafika, Fawkes akasimama upande wa kukomesha, kura zikahesabiwa 283 kwa 16. Halafu mwaka ule ule uchaguzi ukaitishwa tena na yeye hakugombea, kampeni za Yorkshire zilikuwa zinakula pesa vibaya sana. Kwa hiyo ubunge wake ni wa muda mfupi mno, lakini kura iliyopita katika muda ule ni ile.

Nilipomhadithia ami haya akaacha kupiga msasa. Tujue tulipokaa. Kutoka barazani pake mpaka lilipokuwa soko la watumwa ni dakika tano kwa miguu, na soko lile limefungwa 1873, mkataba wa Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar wakati ule, miaka 66 baada ya kura ile. Na utumwa wenyewe kisheria hapa umeondoshwa 1897. Sheria ya 1807 ilizuia Waingereza wenyewe kufanya biashara ile, majahazi ya huku yakaendelea. Ami akauliza, sasa alifanya la maana au hakufanya? Nikamwambia ami, alipiga kura iliyokuwa mbele yake. Akarudi kwenye msasa wake. Mie bado nalifikiria suala lake.

Turudi kwenye picha maana ndo mlioniuliza. Ile picha ni jahazi la abiria la Kiholanzi, kutoka Rotterdam, limekwama karibu na mji wa Dordrecht kwa kukosa upepo. Kachora J. M. W. Turner, mchoraji mkubwa wa Kiingereza, mwaka 1818. Tanga limelala, bendera imelala, maji kama mafuta ndani ya bakuli, watu wamejaa chomboni wanasubiri tu, na kimashua cha makasia kimejisogeza ubavuni kinawauzia mboga. Jua ndo limetawala picha nzima, rangi ya manjano ya asubuhi. Mie kwetu Mkokotoni, babu yangu alikuwa nahodha, nimekua nasikia habari za shwari la baina ya misimu, kaskazi imekwisha na kusi haijasimama, chombo kinalala mahali pamoja mpaka watu wanagombana kwa maji ya kunywa. Nilipoiona ile picha mara ya kwanza kwenye simu nikasikia ile subira ya babu. Mchoraji hajawahi kufika Mkokotoni lakini shwari analijua.

Na aliyeinunua picha ile ni Fawkes, kwa gini 500, pesa ya zamani ya Kiingereza. Ndo maana naiita jahazi la Bwana Fawkes. Ilikaa Farnley kwa kizazi chake mpaka 1966, aliponunua Mmarekani Paul Mellon, sasa ipo makumbusho ya chuo cha Yale mjini New Haven, na Mwenyezi Mungu awajaze kheri wale watu wameiweka mtandaoni kwa ubora mkubwa mtu yeyote anaishusha bure. Mie nikaishusha, nikaenda kuprinti stesheneri. Stesheneri ya kwanza siitaji, walinitolea jua jekundu kama damu nikawaambia hapana wakaniambia ndo rangi ilivyo. Ya pili ikatoka vizuri, karatasi nzito, sentimita 80 kwa 54, elfu 25. Ya asili ni mita moja na nusu kwenda juu na mita mbili na theluthi kwa upana, yaani ukuta wangu mzima.

Sasa kazi ya ami, nieleze vizuri. Mbao ni mninga wa zamani, anachukua fito za milango na madirisha yaliyovunjwa, anasema mti uliokaa miaka 50 ushamaliza kupinda. Pembe anakata kwa msumeno wa mkono kwenye kiboksi chake cha kukatia, ukipitisha ukucha kwenye maungio hausikii kitu. Ndani anaweka kadibodi nyeupe iliyokatwa dirisha katikati, hiyo ndo inayotenga karatasi na kioo, na kwa mikono yake unene ule anaukata kwa mshazari ukingo unang'ara. Nyuma anaziba kwa karatasi ngumu na tepu pande zote nne ili wadudu wasiingie. Halafu, na hili sijaliona kwengine, pembe mbili za chini kwa nyuma anagundisha vipande vya mpira wa ndala, ili fremu isishikane na ukuta, hewa ipite. Nyie wa nyumba za mawe na chokaa mnajua ukuta unavyotoa jasho mwezi wa nne. Rangi ya kung'aa hapaki, anasugua nta ya nyuki kwa kitambaa, mara tatu, baina ya mara na mara siku nzima. Nilimwambia ami mbona unajipa tabu hii ni karatasi ya kuprinti, si kitu cha thamani. Akasema mwalimu, wewe umeileta kwa mikono miwili.

Nami nikamhadithia kisa cha Turner na mtoto wa Fawkes. Turner alikuwa mtoto wa kinyozi wa London, si mtu wa majumba, na inasemwa hakuwa rahisi kukaa na watu, msiri, hataki kutazamwa akichora. Lakini Farnley alikuwa akienda karibu kila mwaka, mpaka 1824, anakaa kama mtu wa nyumbani, anavua samaki, anatembea milimani. Siku moja mwaka ule ule wa 1818 wako kwenye staftahi, Fawkes akamwomba amchoree kitu kwenye karatasi ya kawaida tu, kitakachomwonesha ukubwa wa manowari. Turner akamchukua mtoto wa mwenye nyumba, Hawkesworth, wakakaa pamoja, na yule mtoto ndo aliyekuja kuhadithia alichokiona: akamwagia karatasi rangi mpaka ikalowa chepechepe, akaichana, akaikwaruza, akaisugua kama mtu aliyeshikwa na kitu, kitambo hakuna kinachoonekana ila fujo, halafu kidogo kidogo meli ikaanza kutoka kwenye ile fujo na kila kamba yake, na ilipofika wakati wa chakula cha mchana akaibeba kashuka nayo, imekwisha. Manowari nzima inapakia vyakula, vyombo vidogo chini yake kama vidagaa. Asubuhi moja!

Ami akacheka, akasema yule mtoto alipewa kitu kikubwa kuliko picha.

Mie nimelifikiria sana hilo neno. Kwa sababu ukiangalia, Fawkes alinunua picha nyingi, za rangi ya maji zaidi ya 250 na za mafuta sita, alinunua na michoro ya mto Rhine ipatayo hamsini kwa mkupuo, lakini wanunuzi Turner alikuwa nao wengi. Alichompa Fawkes ni mahali. Kitanda, sahani mezani, watoto wanaomzoea. Hata kile kitabu cha ndege cha nyumba ile, familia walikuwa wanakusanya manyoya na picha za ndege, Turner akakaa akawachorea, ndege wapatao ishirini, sasa wako makumbusho ya Leeds, mji wa huko huko Yorkshire. Mtu mkubwa kama yule anakaa kuchora kuku na bundi kwa ajili ya kitabu cha nyumbani! Hayo hayafanyiki kwa pesa tu. Na dhoruba moja ya radi iliyopita juu ya vilima vya Farnley aliiandikia alama nyuma ya barua, mtoto yule yule kasimama pembeni, akamwambia baada ya miaka miwili utaiona tena na jina lake Hannibal anavuka Alps, yaani yule jemadari wa kale na jeshi lake kwenye milima ya Ulaya. Na ikawa, 1812, ipo makumbusho ya Tate, London. Wingu la Yorkshire limekwenda kuwa wingu la Alps kwa sababu mtu alikuwa na dirisha la kutazamia na hakuna anayemuuliza unaondoka lini.

Hapa naomba niseme la moyoni. Vijana wetu wachoraji wapo, nawajua, nimewasomesha wengine. Wanachora watu wembamba na machweo kwa sababu ndo inayotoka, mtalii ananunua kwa dakika tano anaondoka. Kuna kijana wangu mmoja anachora masika, anachora maji yanavyosimama kwenye vichochoro, kazi ya kukutoa machozi, hauzi hata moja kwa mwezi. Wenye nyumba kubwa tunao, wenye mahoteli tunao, Unguja na Pemba, na wengi ni watu wa kheri. Mwite kijana akae kwako mwezi, mpe chumba kinachotazama bahari, mpe chai, nunua anachokitaka yeye kuchora. Fawkes 1819 alifungua nyumba yake ya London, Grosvenor Place nambari 45, watu wakaingia kutazama picha zake za rangi ya maji, na katika orodha aliyochapisha akamshukuru Turner kwa kipaji chake na kwa raha ya kukaa naye. Kwa kukaa naye! Mwenye ardhi anamwambia hivyo mtoto wa kinyozi, mbele ya watu.

Simfanyi malaika. Wanafunzi wangu walinibana vizuri, wakasema mwalimu ardhi ile yote aliipata kwa kuzaliwa tu, na huyo Turner wako mwaka 1805 aliweka pauni 100 kwenye shamba la Jamaica lililoendeshwa na watumwa. Ni kweli, aliweka. Niliwaonesha na ile picha yake ya 1840 ya meli ya watumwa, watu wanatupwa baharini, mikono na minyororo majini, iko makumbusho ya Boston, Marekani, na Fawkes ashakufa miaka 15. Darasa lilikaa kimya. Kama kukaa meza moja na mtu aliyepiga kura ile kulimbadilisha Turner siwezi kuapa, lakini mie naamini mtu huchukua kitu kwenye nyumba anazokula.

Haya, kasoro za ami, maana hii ni habari ya duka na nisifiche. Aliniambia siku tano, zikawa kumi na moja. Simu hapokei, anaiacha nyumbani makusudi. Ijumaa anafunga saa tano na harudi mpaka alasiri. Risiti hana, anaandika kwenye daftari. Kioo kisichorudisha mwanga hana, ni kioo cha kawaida, kwa hiyo usitundike mkabala na dirisha, mie ilibidi nihamishe kabati. Na fremu nzito, usitumie msumari mmoja, yeye mwenyewe atakupa kulabu mbili na atakuuliza ukuta wako wa mawe au wa matofali, mjibu kweli.

Bei yangu ilikuwa elfu 70 na kioo ndani. Sikuwa nayo yote, mwisho wa mwezi mnaujua, akasema lete nusu na nyengine ukipata, akaandika kwenye daftari tarehe hakuweka. Nikamwuliza ami, wangapi hawarudi? Akasema wachache, na picha zao nimeshazitazama vya kutosha. Nilimlipa baada ya wiki mbili na kashata juu.

Siku ya kuichukua ndo nilimaliza kumpa habari za Fawkes. Miaka ya mwisho pesa zilimwendea vibaya, na akafa London Oktoba 1825. Turner Farnley hakurudi tena. Aliishi miaka 26 zaidi, akasafiri sana, lakini nyumba ile hakuikanyaga, na imeandikwa kwamba hata kulitaja bonde la mto Wharfe sauti ilikuwa inamtetemeka. Ila yule mtoto, Hawkesworth, sasa mtu mzima na ndo mwenye jumba, kila Krismasi alikuwa anampelekea London kapu la vyakula vya Farnley, mkate wa nyama ya bata bukini ndani, mwaka baada ya mwaka mpaka Turner alipokufa Desemba 1851. Ami alikuwa anafunga kamba ya mwisho, akasimama akauliza, kila mwaka? Nikasema kila mwaka ami. Akasema basi baba yake alimlea.

Akaifunga fremu kwa gazeti na mkeka mkuukuu, akanibebea mwenyewe mpaka kituo cha daladala Darajani na mguu wake mmoja mbovu, akamwambia konda hiki kioo kikae juu ya mapaja yake si chini.

Sasa iko ukumbini. Mama kila asubuhi anaitazama na chai yake mkononi, jana kaniuliza wale watu wa chomboni wanaelekea wapi, nikamwambia Dordrecht, akasema wasivunje moyo, wanja la upepo liko pale kulia, kanionesha kwa kidole sehemu ya maji iliyokoza rangi ambayo mie sikuwa nimeiona miezi yote hii. Leo nimempelekea ami picha pekee tuliyonayo ya chombo cha babu, imeliwa na kuvu pembeni, kaipokea kwa mikono miwili. Kasema wiki mbili, mie nimehesabu nne, ikitoka nitawawekea hapa.